Mikono Nyuma, Mama

1.
Haya kaniambia Sekela mwenyewe, mke wa Ambakisye, mwaka jana wakati wa kuvuna viazi. Tulikuwa msibani kwa jirani tunamenya ndizi. Anamenya, anasikiliza. Anamenya tena.

2.
TANGAZO
Huduma ya mazoezi ya viungo imesitishwa hadi mtaalamu mwingine atakapopangwa. Wagonjwa wote waende hospitali ya mkoa. Samahani kwa usumbufu.

3.
Benchini kituo cha afya, chini ya tangazo:
— Atuganile kaenda wapi?
— Ng'ambo. Kule wazee ni wengi, wanawatafuta watu kama yeye.
— Na yule aliyesoma naye?
— Yuko mjini, anauza simu. Ajira hajapata.
— Sasa mguu wangu?
— Nao uombe uhamisho, baba!
Wakacheka. Sekela hakucheka. Mumewe alikuwa kamwegemea, upande wa kushoto mzito kama gogo, tangu apatwe na kiharusi.

4.
Atuganile, daktari wa mazoezi, alikuwa na neno moja kwa ndugu wa wagonjwa:
Mikono nyuma, mama. Mwache ahangaike. Kila ukimbeba, unamla mguu.
Na Ambakisye alishafika mpaka mlangoni pa chumba cha mazoezi. Anatukana, anatokwa jasho, lakini kafika.

5.
Kwao akina Ambakisye, mgonjwa hanyanyui hata kikombe. Ndiyo heshima yake. Lugano, dada wa Ambakisye, akahamia nyumbani kwao kumuuguza.
"Wifi, kaka yangu si punda. Anyanyuliwe!"
Akanyanyuliwa kwenda juani. Akanyanyuliwa kwenda chooni. Akalishwa uji kwa kijiko. Sekela naye akanyanyua, maana nani anataka kuitwa mke mwenye roho mbaya?
Mguu ukakonda.

Ukanyamaza.

6.
Ndipo sauti ikaanza. Sekela anachota maji:
          mikono nyuma
Anasonga ugali:
                    mikono
Atuganile hajafa. Yuko hai huko aliko, anakula, analala. Sasa sauti yake huku imebaki inatafuta nini?

7.
Jibu la ofisi ya afya, kama Sekela alivyosomewa na karani: Nafasi ipo, mtaalamu hayupo. Vyuo vinatoa wahitimu wengi kuliko zamani, ila vibali vya ajira ni vichache. Wanaopangwa pembezoni wengi hawaripoti, na wanaoripoti huomba kuhama. Suala linafanyiwa kazi.
Sekela akauliza, lini?
Karani akaita anayefuata.

8.
Wewe unayesoma, hebu simama kidogo.
Umeona? Hukumwomba mtu.
Haya, kaa.

9.
Jumapili, Lugano kaenda kanisani. Sekela akasimama mbele ya kiti cha mumewe, mikono kaifumbata mgongoni.
"Inuka, baba Gwamaka."
"Nishike."
"Sikushiki."
"Mke gani wewe?"
Akainuka nusu, akaanguka. Goti likapiga sakafu. Sekela anasema maumivu aliyasikia kwenye goti lake mwenyewe. Mara Lugano huyo mlangoni, kitabu cha nyimbo mkononi.
"Unamuua! Unamuua kaka yangu!"
Sekela akageuka, akauziba mlango kwa mwili wake. "Wifi, nipige. Ila hupiti."
Nyuma yake kiti kikakwaruza sakafu. Pumzi ya mtu. Kisha

10.
Kisha nini, nilimuuliza. Akachukua ndizi nyingine.
 Jioni ile, anasema, Lugano alilala bila kula, kajigeuzia ukutani. Ambakisye alikuwa chumbani peke yake. Sekela akajilaza sebuleni, mvua ikaja juu ya bati. Na ndani ya mvua, kitu kingine, upande wa chumbani: kinajiburuta, kinatulia. Kinajiburuta. Hakujua kama ni mtu au ni ile sauti imepata miguu. Hakuita. Akajifunika blanketi mpaka kichwani, akakingoja, na usingizi ukamchukua kabla hakijafika.