Mkanda Uliopimwa kwa Lastiki

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi. Nasema mapema msije mkahangaika kumtafuta.

Shemeji, kaka wa mke wangu, aliniletea gari lake nilifungie supachaja, ile pampu inayoishindilia injini hewa ya ziada ili gari liende kama limeibwa. Kesho yake alikuwa na mashindano ya kupanda mlima. Yeye alitaka kulipeleka kwa Miwani, fundi wa ng'ambo ya barabara anayepima kila kitu mara tatu, utadhani anashona suti. Mke wangu ndiye aliyenipigia debe. Akaniambia, "Ukiharibu, nimeaibika mimi."

Niharibu? Mimi niliyemcheka Miwani miaka sita mfululizo?

Supachaja huzungushwa na mkanda wa mpira unaopita juu ya puli, vile vigurudumu vya injini. Puli ikiongezeka, njia inarefuka na mkanda wa zamani haufai. Unazungusha waya kwenye puli zote, unaukata, unaunyoosha, unaupima. Basi. Lakini waya ulikuwa stoo, na stoo ilikuwa hatua kumi. Karibu zaidi palikuwa kwa mke wangu, fundi cherehani. Chumba chetu kimegawanywa kwa ubao: huku oili, kule vitambaa. Nikanyoosha mkono, nikachomoa lastiki ya viuno vya sketi.

"Hiyo ya nini?"

"Napimia mkanda."

Cherehani ikanyamaza. "Kwa lastiki, Baba Pacha?"

"Mama, ya sketi yaache kwenye sketi."

Shemeji, aliyekalia tairi, akacheka pamoja nami. Nikaizungusha lastiki, nikaivuta ikakaa vizuri, nikaikata na kwenda nayo dukani. Muuza spea akailaza kando ya rula. Ilikuwa imenywea kama mtu aliyepewa habari mbaya.

"Fundi, una hakika?"

"Nimeanza kufunga mikanda wewe ukifungwa nepi."

Akanipa nilichotaka. Watu wa namna yangu hupewa wanachotaka.

Mkanda haukufika. Ulipungua vidole viwili. Mwenye akili angerudi dukani. Mimi nikatangaza kwamba mpira mpya lazima uvutike. Nikarudisha kikaza mkanda hadi mwisho wake, nikaushindilia kwa bisibisi. Ukaingia, umekaza kama ngozi ya ngoma.

"Unaona?" nikamwambia shemeji. Nikawasha.

Beringi zikalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Kisha, pa! Mkanda ukakatika pale bisibisi ilipoutoboa, ukachapa boneti na kuanguka miguuni kwangu, nyuzi nje. Miwani alikuwa amesimama mlangoni kwake. Hakucheka. Ningemshukuru kama angecheka.

Shemeji akainuka kwenye tairi. "Naita gari la kuvuta."

"La nini?" mke wangu akasema akija na waya wa kuanikia nguo. "Kwa Miwani ni hapo tu, utalisukuma. Lakini kwanza huyu mume wangu apime kwa huu. Hauvutiki."

Nikapima. Nikarudi dukani, muuza spea akaulaza waya kando ya rula taratibu, tena kwa makusudi. Mkanda wa pili ukaingia kwa mikono mitupu. Nikageuza beringi kwa vidole, zilikuwa salama. Injini ikanguruma na mkanda ukatulia kwenye puli kama umezaliwa pale.

Ningeishia hapo, leo ningekuwa na heshima. Lakini shemeji alikuwa bado anachezea funguo, jicho lake ng'ambo ya barabara, na mdomo wangu haujui kupumzika.

"Usiwe na wasiwasi, shemeji," nikasema. "Mkono wangu ni uleule. Lastiki ya dada yako ndiyo iliyonidanganya."

Mke wangu alikuwa anakunja waya wake. Hakuinua hata kichwa.

"Lastiki haijamdanganya mtu. Kazi yake ni kukubaliana na kila kiuno. Wewe uliipenda kwa sababu humu ndani ndicho kitu pekee kisichokubishia."