Sindano ya Atuganile

Redio ya dukani ilitangaza tena kwamba lumbesa, yale magunia ya kujazwa kupita kipimo, ni marufuku. Winfrida akasonya. Marufuku ya wapi? Hapa Isongole gunia lake la viazi lilikuwa limejaa hadi mdomoni, na mnunuzi alilitazama tu.

"Mama, ongeza ndoo moja hapo juu."

"Kwani redio huisikii?"

"Naisikia. Mwenzako yule kaongeza."

Winfrida akageuka. Atuganile, aliyewaapisha wakulima wote juzi baada ya ibada kwamba lumbesa basi, alikuwa anashona nundu juu ya gunia lake, macho chini. Winfrida akamwendea na matusi yamemjaa kinywani.

"Ukimaliza," akasema, "niazime hiyo sindano."