Mkono kwenye Sahani

Kazi yangu ni kutengeneza mizani, na kazi hiyo imenifanya nisiamini namba ya mtu yeyote. Kwa hiyo daktari aliposema kipimo cha damu cha mke wangu, kile cha kutafuta saratani, kimefika mia nane na kumi na mbili, na kawaida haizidi thelathini na saba, nilimkazia macho.

"Mashine yenu ilikaguliwa lini?"

"Baba watoto, acha," mke wangu akasema. Macho yake yalikuwa ya manjano, na mikono ameikuna mpaka imechubuka.

Dada yake alianza kulia palepale. "Lisemwalo lipo," akasema. Shemeji huyu huweka matanga mgonjwa angali anakunywa uji. Mimi nilinusa njama: wanatutisha ili tukubali kisu.

Daktari hakukasirika. Namba hiyo, alisema, hupanda kwa saratani ya kongosho, lakini hupanda pia mfereji wa nyongo ukiziba, hata kwa kijiwe tu. Picha ya tumbo ilionyesha mfereji umebanwa, ila haikuonyesha umebanwa na nini. "Tutaweka kijibomba, nyongo ishuke, kisha tupime tena."

Hapo nikamwelewa. Mteja akiegemeza kiganja kwenye sahani, mizani husoma zaidi, na kosa si la mizani. Ondoa mkono, upime upya. Nilimweleza mke wangu hivyo njiani, akacheka. "Kumbe na mimi nimekuwa gunia la mchele!"

Wiki sita baada ya kuwekewa kijibomba, macho yake yalikuwa meupe, na alikuwa ameanza kunigombeza kuhusu viatu vyangu mlangoni. Nilifurahi, sifichi. Nikaanza kuamini ni kijiwe.

Tuliporudi, daktari alisoma karatasi. Mia mbili na tisini.

"Imeshuka!" shemeji akapiga makofi.

"Imeshuka," daktari akasema. "Ila bado iko juu. Namba peke yake haihukumu mtu. Tuchukue kipande kidogo cha nyama pale kwenye kongosho, tukichunguze."

Nilitaka kuuliza habari za mashine. Nilitafuta wa kumshuku, daktari, maabara, hata shemeji, nikakosa. Mke wangu alinigeukia. Miaka thelathini amenisikiliza nikizungumzia mizani wakati wa chakula.

"Mkono si umeshaondolewa?" akauliza taratibu. "Sasa kwenye sahani kumebaki nini?"