Alisema Amepimwa

Phares Amolo alikuwa karani wa baraza la jiji hadi alipostaafu. Yeye na mkewe Awuor waliishi mtaa wa Jericho, Nairobi, mlango kwa mlango na Githinji, seremala wa soko la Gikomba. Wanaume hao wawili walikuwa rika moja, na jioni walizoea kuketi nje wakibishana kuhusu siasa.

Kanisa la mtaani lilipoleta wauguzi wa kuwapima wanaume saratani ya tezi dume bila malipo, Awuor hakumpa mumewe nafasi ya kupumua. Kaka yake Phares alikuwa amefariki kwa ugonjwa huohuo.

"Baba Winny, nenda. Ni asubuhi moja tu."

Jumamosi Phares alivaa koti akaenda. Langoni akamwona muuguzi akiwaita watu mmoja mmoja. Alikuwa msichana aliyesoma na binti yao Winny, aliyekulia sebuleni mwao. Phares alikuwa amesikia kwamba baada ya kutolewa damu unaweza kuambiwa uvue suruali. Akapita lango kama mtu mwenye safari zake, akaenda soko la Burma, akanywa supu, akasoma gazeti hadi mchana.

"Wamesemaje?" Awuor aliuliza aliporudi.

"Niko sawa."

Jioni Githinji, ambaye alikuwa ameapa kwamba hakanyagi pale, alimuuliza kama inauma. Phares alikuwa ameshaanza kudanganya, akaona hawezi kurudi nyuma.

"Ni damu kidogo tu ya mkononi. Hata huhisi."

Kesho yake, siku ya mwisho ya upimaji, Githinji akaenda.

Mwaka mzima ulipita. Kuna wakati Githinji alipotea Gikomba kwa wiki kadhaa, akasema ni mgongo. Kisha Jumapili moja alasiri akabisha hodi na mkewe Njoki, amebeba kiti kipya cha mvule.

"Hiki ni chako, Mzee Amolo," alisema. "Ile siku ya kanisa damu yangu ilionyesha kasoro. Nikatumwa hospitali, wakakuta saratani, lakini ilikuwa bado ndogo. Wakanipasua. Wiki hii daktari ameniambia nimepona. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kuhurumiwa."

Awuor alimshika Njoki mkono.

"Bila wewe nisingeenda," Githinji aliendelea. "Nilijiambia, kama Amolo ameenda, mimi ni nani?"

Phares alisema asante. Hakuweza kumtazama usoni. Siku hizo mkojo ulikuwa ukimtoka kwa shida, na kiuno kilimuuma hadi usingizi ukamkimbia. Awuor alikuwa amemwambia ni baridi.

Wageni walipoondoka, Awuor alikuwa akikusanya vikombe, bado anatabasamu.

"Mama Winny," Phares alisema, "mimi sikupimwa."

Akamweleza yote, hata ile supu. Awuor aliketi.

"Kila Jumapili nimekuwa nikimshukuru Mungu," alisema polepole. "Kumbe nilikuwa nashukuru kwa uongo. Ungeniambia unaogopa, ningekushika mkono twende pamoja."

Jumatatu alimpeleka hospitali. Baada ya vipimo kadhaa daktari aliwaambia kwamba ugonjwa umeshafika kwenye mifupa. Dawa zingeupunguza kasi, lakini kuumaliza hazingeweza. Awuor aliuliza kama mwaka uliotangulia mambo yangekuwa tofauti. Daktari alijibu kwamba huenda.

Githinji aliposikia ukweli kutoka kwa Phares mwenyewe, aliuliza kliniki ni siku gani. Tangu hapo humsindikiza, na njiani huzungumza siasa kama zamani, ingawa Phares habishani tena kwa nguvu.

Awuor huenda nao. Anampikia, anampaka dawa ya maumivu mgongoni, anamfunika shuka. Hajawahi kumrushia neno la lawama. Ila daktari anapouliza hali, na Phares akajibu kwamba amepata nafuu, Awuor hamwangalii mumewe. Humtazama daktari, akingoja kusikia kutoka kwake.