Kochi Lililokuja Kunichumbia

Usiku wa kuamkia leo niliota kochi letu la sebuleni limekuja kunichumbia. Limevaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri. Mume wangu, Baba Tekla, analikaribisha na kulimiminia chai.

"Mzee wangu," kochi linamwambia, "tangu nyonga yake ya kulia ianze kuchakaa, mkeo anakaa na mimi kuliko anavyokaa na wewe. Nimeona bora tuhalalishe."

Baba Tekla anafikiri. "Mama Tekla, unasemaje? Maana kweli siku hizi hubanduki hapo."

Binti yetu Tekla amejifungua huko Kilosa, na mtoto ameshaanza kucheka kabla sijampakata. Kila nikiambiwa twende, nasema nyonga inauma.

Basi nyonga yenyewe ikajibu, kwa sauti ya bawaba kavu. "Mimi siolewi. Gegedu langu limelika, na lililolika halirudi. Lakini nikitembezwa kidogo kidogo nalainika. Daktari alisema mbele yetu sote."

"Alisema pia apumzike," kochi likadai.

"Apumzike, siyo aolewe."

Sebule ikawa shamba la mkonge. Mwisho wa shamba mtoto analia, na najua ni mjukuu wangu. Nashika fimbo kwa mkono wa kulia, nachechemea.

"Shikamoo, mama," fimbo inasema. "Samahani, umenishika upande unaouma. Mimi hufanya kazi upande wa pili."

"Marahaba. Mbona siku zote hukuniambia?"

"Siku zote nilikuwa nyuma ya mlango."

Naihamishia kushoto. Maumivu yanapungua, hayaishi. Natembea, napumzika, natembea tena. Kochi linanifuata kwa vijiguu vyake vinne, likilia, mpaka linachoka na kujikalia lenyewe.

Nikafika. Tekla akanipa mtoto bila kushangaa.

"Umechelewa, mama. Karibu."

Mtoto alikuwa mzito, mwenye joto, akanyamaza mara moja. Na mimi nikalia badala yake.

Niliamka kumekucha. Baba Tekla alikuwa akiniinua kitandani kama kawaida. Akakishika kiganja changu cha kushoto, akasita, akakigeuzia dirishani.

"Mama Tekla, haya malengelenge umeyapata wapi?"

Nikayatazama. Yalikuwa mabichi kabisa.

"Njiani," nikamwambia, "nilipokuwa nakwenda Kilosa."