Posa Isiyo na Bibi Harusi

Itangazwe kwa wakazi wote wa Ganshoren, hapa Brussels, wenye mbwa na wasio na mbwa, kwamba Jumamosi hii ukoo mtukufu wa Papa Hilaire, kiongozi wa kwaya, unapokea ugeni wa posa, na kwamba bibi harusi ni Mbelgiji.

Hakukuwa na posa. Kulikuwa na Bibiane, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, amesimama kwenye mvua mbele ya kengele isiyolia, kiatu chake cha kushoto kikivuja, akimwambia mwenzake Veerle kwamba mlango huu usipofunguka leo ataacha kazi akauze vitenge.

Ilikuwa Novemba ya 1995, watu wa Kivu wakiwa bado wanaitwa Wazaire. Kazi ya Bibiane ilikuwa kupiga hodi. Alipiga hodi kwenye nyumba ambamo mtoto alikuwa amesema neno ambalo wazazi hawakuweza kulisikia: kijana aliyempenda kijana mwenzake, binti aliyempenda binti na kuombewa hadi waombeaji wakakaukiwa na sauti. Kila Alhamisi alifungua chumba kimoja huko Jette na kuchemsha kahawa, na hapo hakuna aliyetakiwa kujieleza kabla ya kumiminiwa kikombe. Ilikuwa kazi nzuri. Ilikuwa pia kazi ya kumng'oa mtu meno, kwa sababu wazazi wa Brussels, mchana, huwa wako kazini, na jioni wako kwenye kwaya, na Jumapili wanapumzika wasisumbuliwe na habari za mtoto wao.

Papa Hilaire alikuwa bingwa wao. Alikuwa akiosha madirisha ya maofisi, na kila Bibiane alipokuja, ghafla kulikuwa na dirisha chafu mahali fulani.

Mwezi Septemba mwanawe Bienaimé alimwambia kwamba anampenda Dan, kijana anayeoka mikate kule Auderghem. Papa akamjibu asirudi mpaka akumbuke kuwa ni mwanaume. Kisha akawatangazia ndugu kwamba mtoto yuko Liège anasoma. Bienaimé aliacha kulala, akaacha kula, na asubuhi moja wakamkuta bado anapumua, jambo ambalo daktari aliliita bahati. Sasa alikuwa kwenye hospitali kubwa ya Jette, ambako Veerle alikuwa muuguzi wake, na Jumatatu angetoka. Dan alikuwa akiishi kwa wazazi wake, nao hawakutaka hata kusikia jina la Bienaimé. Ama Bienaimé angerudi nyumbani, ama angepewa chumba cha kukodi, peke yake na ukuta.

"Peke yake hapana," Veerle alikuwa amesema. "Bado hapana."

Bibiane alikuwa amekaa kando ya kitanda akamuuliza Bienaimé: nani nimwambie, na nani nisimwambie? Hakuwahi kumfungulia mtu mdomo bila kuuliza hivyo.

"Papa na maman wanajua. Useme nao," alijibu. "Batonton, bajomba bote, hapana. Tonton Mwenze akijua leo, Uvira yote, kule Kivu, itajua mbele chakula iive."

Bibiane akaahidi.

Basi mlango ukafunguka, na vigelegele vikawapiga usoni.

Maman Rolande alikuwa amevaa kitenge kipya na kilemba kirefu kama mnara. Nyuma yake sebule ilijaa viti vya kuazima, na juu ya viti walikaa wajomba na baba wadogo wenye tai. Harufu ya sombe, kisamvu cha Kivu, na samaki ilitembea hadi kwenye ngazi. Bibiane alidhani kuna msiba, akaanza kutafuta uso wa kumpa pole.

"Mukaribie, mukaribie!" akanguruma Tonton Mwenze, mkubwa wa ukoo, huku akimzunguka Veerle kama mtu anayekagua gari. "Hilaire, unaona? Muzungu huyu iko na miguu ya nguvu. Upepo haitamubeba."

"Maman Rolande," Bibiane akanong'ona, "tunaweza kusema kidogo pembeni? Weye na papa tu?"

"Pembeni? Mambo ya posa haisemwe pembeni, mutoto wangu. Kwanza mukule."

Posa. Bibiane akamtazama Veerle, akatazama tai, akatazama kreti ya bia iliyofungwa utepe. Kivu, upande wa mwanaume ndio unaokwenda kwa mwanamke. Lakini hoja hiyo Tonton Mwenze alikuwa ameshaitolea hukumu.

"Bazungu banafanyaka kila kintu kinyume," alimweleza jirani yake wa kiti. "Kwao bibi njo anakuja kuomba bwana. Bon. Tutafanya nini?"

Bibiane alitamani kupiga kelele. Kupiga simu kote kule, kupiga hodi kote kule, ili hatimaye afunguliwe mlango kama mshenga! Akisema hapana, hakuna posa, wangeuliza: basi mmefuata nini? Na jibu la swali hilo alikuwa ameahidi kutolitoa mbele ya tai hizi zote. Akiondoka, Jumatatu ingefika vilevile.

"Kula," akamwambia Veerle kwa Kifaransa. "Tabasamu. Usikubali kitu chochote."

"Nimeshaolewa?"

"Bado."

Veerle akala. Alikula sombe sahani mbili, na kwa kila tonge sifa zake zikapanda. Papa Hilaire, kwenye kona yake, alishika glasi bila kunywa. Alimjua Bibiane kwa uso, kupitia pazia. Alikuwa amegundua tangu mlango ulipofunguka kwamba hakuna posa, lakini angesemaje? Mtoto wake alikuwa Liège, anasoma.

Sahani zilipoondolewa, Tonton Mwenze akasimama na kufunga kifungo cha koti.

"Alors. Bageni, mumekula. Museme sasa: mulipoteza nini ndani ya nyumba hii?"

Ndivyo posa inavyofunguliwa. Na mgeni wa posa hataji jina la mtu. Huzunguka: ameona ua juu ya ukuta, amefuata nyayo za mbuzi wake. Tangu utotoni Bibiane alikuwa akiwasikia shangazi zake wa Bukavu wakizunguka hivyo hadi usiku, akawacheka na kuona ni kupoteza muda. Akasimama. Kiatu chake kikalia kwa maji.

"Baba na bamama," alisema. "Sisi hatukupoteza kintu. Sisi tuliokota."

"Eeeh!" wakaitikia.

"Tuliokota kintu ya nyumba hii, pembeni ya njia. Mvua ilikuwa inainyeshea. Hatukuiuliza juu ya nini iko pale. Hatukuiambia igeuke kintu ingine. Tuliiweka fasi ya joto, tukaipa maji, tukakaa karibu yake mpaka ikaanza kupumua muzuri. Jumatatu inatoka pale iko." Akamgeukia Papa Hilaire. "Sikuje kuomba muipende leo. Sikuje kuomba hata muielewe. Nilikuja kuuliza moja tu: nyumba hii iko na mulango?"

Wakapiga makofi. "Njo kusema, hiyo!" akapaza sauti Tonton Mwenze. "Maman huyu anajua kusema! Hilaire, jibu!"

Papa Hilaire hakupiga makofi. Kwa desturi, baba wa nyumba ndiye hujibu, na hujibu kwa mafumbo yaleyale, na hawezi kuacha swali hewani. Alitazama glasi. Alitazama mikono ya Veerle, mikono ambayo sasa alielewa ilikuwa ikimgeuza mwanawe kitandani.

"Ile kintu," alisema mwishowe. "Inakulaka?"

Wajomba wakacheka. Kwaya haijawahi kutoa mchekeshaji kama huyu!

"Supu," Bibiane akajibu. "Tangu jana."

Maman Rolande akainuka. Akachukua sahani safi, akaweka bugali, akaweka sombe, akachagua samaki mwenye mgongo mnene, akafunika kwa sahani nyingine, na kuiweka juu ya kabati ambako hakuna mjomba angeifikia.

Papa akakohoa.

"Mulango uko," alisema. "Unakwama kidogo. Lakini uko."

Vigelegele vikarudi, na kreti ikafunguliwa. Ndugu waliondoka jioni wakibishana kama Wabelgiji hupokea mbuzi au hundi.

Walipobaki wenyewe, Bibiane alikaa kwenye kiti cha kuazima na kuvua kiatu chake.

"Papa Hilaire, Alhamisi uje Jette, weye na maman. Iko bazazi bengine. Uje na hasira yako yote, kahawa iko."

"Sikusema ninakubali."

"Sikukuuliza." Akakamua soksi. "Mie nataka kujua kintu kimoja. Nilipiga simu hapa. Nilitaja kazi yangu, 'assistante sociale', mara mbili, pole pole, sawa vile kwa kiziwi. Nani alipokea?"

Hapa inafaa kueleza kwamba nyumba hiyo ilikuwa na binti, mwanafunzi wa bweni kwa masista, ambaye uadilifu wake haujawahi kutiliwa shaka na yeyote isipokuwa wanaomjua. Binti huyo wakati huo alipatwa na hamu kubwa ya kuosha vyombo.

"Jémima," alisema Papa.

Ndiyo. Mimi. Ningesema assistante sociale, dirisha moja lingechafuka mara moja. Niliposema posa, Papa alipiga viatu rangi tangu alfajiri. Nilimwambia maman peke yake, na hilo ndilo kosa langu, kwa sababu maman ana simu na ana dada. Yaliyobaki ya habari hii niliyapata kwa Bibiane baadaye, na kwa tundu la mlango wa jikoni.

Sikupigwa. Papa alivua tai, akachukua bisibisi. "Shuka na mie mu cave."

Kule kwenye ghala la chini ya nyumba, kati ya masanduku, kilikuwepo kitanda cha Bienaimé, vipande vipande tangu Septemba. Jean-Marie wa sakristia alikuwa amekuja kukinunua, akakiacha kwa sababu hakisimami. Papa akapiga magoti. Akafunga mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ukaanguka. Akapapasa sakafu akitafuta skrubu yake, akainua masanduku, akalaani waliotengeneza kitanda na nchi iliyowazaa.

"Visi moja inapunguka," alisema. "Nani anaweza kuiba visi?"

Halafu akainua macho, akaona uzi shingoni mwangu, ule ambao masista waliamini una medali ya Bikira.

 Alinyoosha mkono tu, kiganja juu, nami nikaanza kuvuta uzi wenye ile visi.