Sakafu Haijakauka

…na kosa lenyewe ni la kijinga, la mtu aliyeshika tambara leo kwa mara ya kwanza, mimi ninayelipwa mshahara kufundisha wengine kupiga deki nimeanzia mlangoni nikamalizia kwenye kona, na sasa nimesimama hapa kati ya dirisha na kabati la vyombo, miguu mitupu, ndoo mkono huu, tambara mkono huu, sebule nzima inang'aa mbele yangu na sina pa kukanyaga, wasichana wa hotelini wangeniona wangecheka mpaka wakae chini, maana kila anayeanza kazi ninamwimbia wimbo uleule, anzia mbali, rudi nyuma, toka na ndoo yako, usijifungie ndani kwa maji yako mwenyewe… ila ni simu, simu ndiyo iliyoniponza, imelia nikiwa mlangoni ndiyo kwanza nimelowesha tambara, nikaibana kwa bega huku mkono unafuta, nafuta na kurudi nyuma kuelekea dirishani kwenye mtandao mzuri, na wifi yangu anazungumza taratibu kama kawaida yake, "nimeshapanda gari, wifi, nusu saa nitakuwa hapo, leo tulimalize lile jambo," na mimi nikasema njoo tu wifi, tutazungumza, nikakata, nikageuka, kumbe nimejizingira. Nikikanyaga nitaacha alama za nyayo, nikiacha alama itabidi nifute tena, nikifuta tena haitakauka kabla hajafika, basi nimesimama. Watoto nimewafungia chumbani kwao, nimewaambia asitoke mtu mpaka nitakaposema, sakafu haijakauka, na wametulia, jambo ambalo katika nyumba hii ni la kutia wasiwasi kuliko kelele, mara ya mwisho kutulia hivi mdogo alikuwa amemwaga unga wote chini ili magari yake yapate barabara ya vumbi, miaka minne tu ana huyo, tunamwita Tufani, na jina hakulipata bure, ni yeye aliyeweka soksi za baba yake kwenye friji zipoe, ni yeye aliyechora ukutani kwa kalamu mstari mmoja kutoka mlango wa jikoni hadi mlango wa choo, nikamuuliza nini hiki, akasema barabara ya sisimizi, Mama, walikuwa wanapotea… nimeusugua mstari huo siku mbili, bado nauona, hapo juu ya swichi, na kama mimi nauona wifi atauona pia, yule haingii nyumba ya mtu kama anavyoingia mgeni, anaingia kama mkaguzi, mwezi uliopita alipitisha kidole juu ya televisheni, akakitazama kama anayesoma barua, akakipangusa kwa leso yake na hakusema kitu, afadhali angesema. Halafu kwenye chai ndipo akalitoa lile jambo, kwa sauti ya huruma, "huyu mdogo nipe mimi, wifi, mwaka mmoja tu, wewe na zamu zako za hotelini upumue kidogo, na yeye ajifunze utaratibu," na kaka yake, mume wangu, fundi bomba ambaye bomba la jikoni kwake linavuja tangu masika, akakuna kidevu akasema mimi sina neno, ni yeye tu mama yao, yeye ndiye anayelalamika kila siku. Na ni kweli ninalalamika. Nani asiyelalamika, natoka kazini nimetandika vitanda kumi na sita, shuka hazina hata mkunjo, taulo zimekunjwa pembe kwa pembe, nikifungua mlango wangu nakanyaga kipande cha plastiki chenye meno ambacho hakuna anayejua kimetoka kwenye kitu gani, nakiokota, nakiweka juu ya kabati, kesho yake nakikanyaga tena, na dawa ya meno iko kwenye kioo, na kioo kwa sababu gani, nani anapiga mswaki kioo… basi siku tatu hizi nimeshaamua, sikumwambia mtu lakini nimeamua, begi liko chini ya kitanda changu, suruali nne, fulana sita, sweta, nimezikunja vizuri kuliko ninavyokunja chochote humu ndani, na nilipofunga zipu nilijisikia mwepesi, Mungu anisamehe, niliiona akilini sebule ya jioni, mito ya makochi imesimama pale nilipoisimamisha, nikafurahi. Tena nikajipa moyo, si kwa ubaya, mtoto mwenyewe kule anatulia, si nilimwona kwa macho yangu, tulipokwenda kwa wifi wiki ile, vile vigae vyeupe, rimoti imevalishwa nailoni, watoto wake wawili walishakua wakaondoka zamani, hawaji, wanapiga simu, na nyumba imebaki kama siku ilipopakwa rangi, na Tufani wangu saa mbili nzima kwenye ncha ya kochi, mikono katikati ya mapaja, miguu imebanwa pamoja, hagusi, haulizi, na wifi akaniminya mkono, "unaona, kwangu anakuwa mtoto mwingine," nikatahayari, nikaona kumbe kasoro si mtoto, kasoro ni mimi. Ingawa tulipotoka tu, kabla hata ya kufika kituoni, akajikojolea, suruali yote, viatu, mbele za watu, nikamsema njia nzima, mtoto mkubwa kama wewe, kwa shangazi hukusema kwa nini… dakika ngapi zimepita, ishirini na ushei, pale karibu na kochi panaanza kukauka lakini katikati bado, hivi vigae vinashikilia maji kama vinalipwa, na dirisha nikilifungua zaidi vumbi litaingia, kaa hivyohivyo, simama, vumilia… sauti, sasa kuna sauti, mlango wa chumba chao umefunguka kidogo, naona jicho moja kwa chini, mlango unarudi, wananong'ona, na mnong'ono wa watoto unasikika mpaka kwa jirani.

"Dada, mkojo."

"Bana." Huyo ni mkubwa, ana miaka minane na sauti yangu tupu.

"Nimebana."

"Bana tena. Bado inang'aa, nimechungulia."

"Tumwite Mama?"

"Usimwite. Ukimwita atapiga kelele, halafu atafuta upya, halafu tutakaa humu mpaka kesho."

"Inauma."

"Kaa kama ulivyokaa kwa shangazi. Kule si uliweza?"

"Kule choo chake cheupe, niliogopa kukichafua."

…kwa shangazi. Mikono katikati ya mapaja, miguu imebanwa. Saa mbili. Ule ndio utaratibu tuliokuwa tunausifu, mimi na wifi, tukiminyana mikono juu ya kichwa cha mtoto aliyebanwa na mkojo, tukasema ametulia, nikamrudisha njiani nikimfokea, na usiku huohuo ndipo nilipoanza kuwaza begi… na mbaya zaidi, hapa si kwa shangazi, hapa ni kwao, choo chenyewe hatua kumi kutoka mlango wao, mlango wake una mikwaruzo ya baiskeli, na bado anabana, kwa sababu kati yake na choo kuna sakafu yangu. Dada yake ananijua vizuri, hakukosea hata neno, atapiga kelele, atafuta upya. Hotelini kazi yetu ni hiyo, mgeni akitoka tunafuta mpaka akiingia mwingine aone kama chumba hakijawahi kulalwa na mtu, unywele mmoja kwenye beseni ni malalamiko, na mimi kazi hiyo nimeihamishia humu, kila siku narudi kuwafuta watoto wangu ukutani, sakafuni, kwenye kioo, ili akija mtu aone kama hakuna mtoto aliyewahi kuishi hapa, na mmoja nimeshamkunja kabisa, yuko chini ya kitanda, zipu imefungwa. Mikono imejaa ndoo na tambara, hata pua siwezi kupangusa.

"Tufani, pita ukakojoe."

"Haijakauka," anasema dada yake nyuma ya mlango, kwa tahadhari, kama anayejibu mtihani.

"Najua haijakauka. Pita, baba, usikimbie tu, utateleza."

Akakimbia, atakosaje kukimbia, pa pa pa katikati ya sebule, mkono umeshika suruali, na maji yakamrukia kwenye vifundo, nikasikia kifuniko cha choo, nikasikia mkojo mrefu usiokwisha, mtoto huyu alikuwa amebeba nini tumboni, na kwenye vigae vyangu nyayo ndogo, vidole vitano vitano, unga sijui umetoka wapi, chumbani kwao kuna unga gani tena, jamani, nitauliza baadaye… hajavuta maji, bila shaka hajavuta, anarudi, anasimama pale kwenye kizingiti, mguu mmoja juu kama kuku, ananitazama na ndoo yangu kutoka upande ule wa maji, ameniona vizuri leo.

"Mama, umekwama?"

"Nimekwama."

Akafikiri. "Nije nikuchukue?"

Na huku mlango wa mbele ukagongwa, mara mbili, taratibu, kama kawaida yake, "Hodi, wifi," na kitasa kikaanza kuzunguka, na mimi bado niko kwenye kona, katikati bado kumelowa, na mstari wa sisimizi uko juu ya swichi, na Tufani ameshateremsha mguu ndani ya maji anakuja, mkono mbele.

"Subiri hapohapo nje, wifi," nikasema. "Sakafu haijakauka."